Ukuta wa Hezekia na nyumba za watu

Mimi ni mwashi kwa kazi na mzee wa kanisa kwa kuchaguliwa. Vijana wa kwaya huniuliza: anayemtegemea Mungu, ukuta wa nini? Jibu langu huanzia Yerusalemu, kwenye kilima cha Daudi.

Kilima chenyewe ni chembamba, na Mlima wa Mizeituni, ng'ambo ya Bonde la Kidroni, unakipita kwa urefu. Kilichowavuta watu pale ni maji ya chemchemi ya Gihoni, chini ya mteremko. Wakanaani walikizungushia ngome karne nyingi kabla ya Daudi. Baadaye mji ukapanuka hadi kilima cha magharibi, na Samaria ilipoangukia mikononi mwa Waashuri, karibu mwaka 722 KK, Yerusalemu nayo ikaanza kujihami.

Mfalme Hezekia wa Yuda akachimbisha mfereji ndani ya mwamba, mita 533, kuyaingiza maji mjini. Mafundi walianzia ncha mbili wakakutana kwa kufuata sauti za wenzao. Maandishi yao, yaliyogunduliwa mwaka 1880, yanaeleza jinsi sururu zilivyokutana. Mfalme hatajwi, wala Mungu. Sioni kufuru hapo. Kazi iliyopimwa sawasawa nayo ni ibada.

Kinachonikera ni ukuta wa Hezekia. Ule uliofukuliwa na mwanaakiolojia Nahman Avigad miaka ya 1970 kwenye kilima cha magharibi una unene wa mita 7 hivi, na chini yake kuna mabaki ya nyumba zilizobomolewa ili upite. Isaya, sura ya 22, anawalaumu watu wa mji kwa jambo la namna hiyohiyo: walihesabu nyumba, wakazibomoa kuimarisha boma, wala hawakumwangalia Mungu.

Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alirudi kwao bila kuuteka mji. Mwaka 586 KK Wababeli waliuteka na kuuteketeza, kuta zikiwapo. Basi kujenga ukuta si kukosa imani, na ukuta haumwokoi mtu kwa unene wake. Imani ya mjenzi hujulikana kabla ya jiwe la kwanza, anapoamua nyumba ya nani ibomolewe na mwenye nyumba apewe nini.

Wazee wenzangu, tunapopanga uzio wa kanisa, tusikimbilie kuombea msingi. Kwanza tukakae na jirani ambaye kamba ya vipimo imepita uani kwake, tumsikilize, tumlipe haki yake. Akikataa, tuipindishe kamba.