Shilingi 159 za Petroli

Julai 2022, lita moja ya petroli jijini Nairobi iliuzwa shilingi 159.12. Ukijumlisha bei ya kununulia ng'ambo, nauli ya meli, bomba, faida ya wauzaji na kodi, lita hiyohiyo ilifaa kuuzwa zaidi ya shilingi 200. Dereva aliyejaza tangi hakuiona tofauti hiyo kwenye pampu. Serikali ilikuwa imewaahidi wauzaji kwamba itaifidia yenyewe. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 9 Agosti, na hakuna serikali inayotaka watu waende kupiga kura huku makanga wamepandisha nauli.

Jambo lenyewe lilianza kwa busara. Mwaka 2020, korona ilipoporomosha bei ya mafuta duniani, Kenya ilipandisha ushuru wa kustawisha sekta ya petroli kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Nia ilikuwa kuweka akiba siku za unafuu ili itumike siku za ukali. Aprili 2021 akiba ikaanza kuchotwa. Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, pipa likapita dola 100, na ile shilingi tano na senti arobaini ikatakiwa kubeba pengo la makumi ya shilingi. Haikuweza. Pengo likageuka deni, na malipo kwa wauzaji yakawa ya kusuasua.

Kufikia Aprili 2022 vituo vilikuwa vimekauka. Magari na bodaboda zilipanga foleni hadi barabarani, madereva wengine wakilala kwenye foleni. Serikali ikazishutumu kampuni kwa kuficha mafuta, na mkuu wa kampuni moja, raia wa kigeni, akafurushwa nchini. Sizitetei kampuni hizo. Faida zinaipenda kama mfanyabiashara yeyote. Lakini mtu anayedai mabilioni, tena hajui atalipwa lini, atamuuzia kwanza anayelipa taslimu, hata kama mteja huyo yuko ng'ambo ya mpaka. Kumfukuza mkurugenzi hakukulipa deni.

Tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto aliapishwa kuwa rais, na katika hotuba yake ya kwanza akataja hesabu: ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati ya hizo zilitumika katika miezi minne ya mwisho, yaani msimu wa kampeni. Kesho yake Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ikatangaza petroli shilingi 179.30. Shilingi ishirini ziliruka usiku mmoja.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Julai 2023 serikali hiyohiyo ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, wakati watu walikuwa tayari barabarani wakilalamikia gharama ya maisha. Mwezi uliofuata, Agosti, ruzuku ikarudi. Hata hivyo, Oktoba petroli ilifika shilingi 217.36. Mkono mmoja ulitoza kodi, wa pili ukarudisha kidogo, na mwananchi akaambiwa ashukuru.

Ruzuku si dhambi. Dizeli ikipanda, sukuma wiki hupanda sokoni, na mama mboga hana wa kumfidia. Tanzania nayo ilitoa ruzuku kuanzia Juni 2022, ila ilitaja kiasi chake hadharani, shilingi bilioni 100 za huko, na watu wakajua walichopewa. Ruzuku ya petroli ina kasoro nyingine: humfaidi zaidi anayechoma mafuta mengi. Mwenye gari kubwa la familia huvuna mara nyingi kuliko mwenye pikipiki. Mafuta ya taa, nishati ya asiye na gari kabisa, yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ati ili yasichanganywe na dizeli.

Hasara kubwa ni muda uliopotea. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua, lakini karibu kila gurudumu barabarani huzungushwa na mafuta ya kuagiza. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, yakabebwa kwa malori hadi Mombasa, na shehena ya kwanza ikasafirishwa nje Agosti 2019, bado ghafi. Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya zinapotangazwa, taifa zima hubishana kuhusu shilingi tatu za pampu. Mabasi ya umeme hayapati hata robo ya kelele hizo.

Wakenya watapiga kura tena Agosti 2027. Mgombea akipanda jukwaani na kuahidi kushusha bei ya petroli, muulize ni fungu lipi la bajeti litakatwa, na wauzaji watalipwa tarehe ngapi. Akikujibu kwa wimbo na densi, mpigie makofi, lakini kura yako mnyime.