Chuma na Dhahabu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu! Katika Kur'ani Tukufu mna sura ya Az-Zukhruf, yaani mapambo ya dhahabu, nayo yatuonya tusidanganyike na pambo la dunia. Mna na sura ya Al-Hadid, yaani Chuma, na humo Mola wetu ametaja manufaa ya chuma kwa watu.

Basi itazameni nchi ya Geita, kusini ya ziwa la Nyanza. Leo mtu akiitaja Geita, hukusudia dhahabu. Ilichimbwa huko tangu mwaka 1936 hata 1966, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000; na vijana wetu waifuata. Lakini zamani walikaa pande hizo Warongo, mafundi wa chuma. Walichimba mawe ya chuma, wakachoma makaa ya miti, wakajenga tanuri la udongo, wakavukuta mivuo hata chuma kikajitenga na mavi yake. Kisha wakafua majembe, yakauzwa kwa Wasukuma, watu wakayalimia na kuyatolea mahari.

Huenda mtu akasema: "Haya ni mambo ya bara, sisi yatuhusu nini?" Jawabu: Sharifu Al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, ameeleza kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na chuma ndicho kilichokuwa biashara yao. Leo sisi twamcheka mhunzi kwa masizi ya mikono yake! Je, tumemsahau Nabii Daud, amani imshukie, aliyelainishiwa chuma na Mola wake, akala kwa kazi ya mikono yake?

Na ilimu isiyorithishwa hufa. Mwaka 1976, huko Buhaya, magharibi ya ziwa, wataalamu Schmidt na Avery waliwaomba wazee wayeyushe chuma. Wakaikumbuka kazi ya ujana wao. Lau wasingaliulizwa, wangaliingia nayo kaburini.

Basi mwenye kazi na amfunze mwanawe, wala mwana asiionee haya. Dhahabu, sisi wanaume tumeharimishiwa kuivaa. Jembe latulisha, na mwenye kulifua ana ujira kwa Mola wake.

Wabillahi taufiq.