Dhamiri Mbele ya Muswada

Muumini anayekiri kwamba ndoa ni amana kutoka kwa Mungu hawezi kuuacha muswada, yaani rasimu ya sheria inayosubiri uamuzi wa Bunge, mikononi mwa wanasheria peke yao, kwa kuwa katika hatua hiyo maneno yake bado yanaweza kubadilishwa na dhamiri bado ina nafasi ya kusikika. Tanzania ilitoa mfano adhimu mwaka 1969, Serikali ilipochapisha mapendekezo yake kuhusu ndoa katika Waraka Na. 1 na kuyaweka mbele ya wananchi kabla ya kutungwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hata hivyo, sheria iliyotokana na mjadala huo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18. Na hapa ndipo swali linapokuwa zito, kwani mashauriano, ambayo Waislamu huyaita shura, hayawezi kuihalalisha kauli ya wengi ikiwa sauti ya anayeguswa zaidi haikutafutwa. Basi anayefuatilia miswada kwa jina la imani ana wajibu wa kumtafuta kwanza binti huyo, hata kabla ya kuhesabu kura. Ilipita miaka 45 hadi Mahakama Kuu ilipotamka, mwaka 2016, kwamba vifungu vya sheria hiyo kuhusu umri wa ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.