Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Andiko: 2 Samweli 23:13-17

 

Jumamosi iliyopita vijana wetu walikuwa ufuoni pamoja na majirani zetu Waislamu, wakiokota plastiki ili kasa wapate pa kutagia mayai. Kazi njema. Hapa Kiunga si jambo geni: bahari yetu ni hifadhi tangu 1979, na miaka ya 1990 kina mama wa hapa walianza kuokota kandambili zilizoletwa na mawimbi na kuzichonga vinyago. Lakini jioni nilipofungua simu nikakuta video ileile ya usafi katika grupu nne. Mbili kati ya hizo, aliyeituma ni mimi.

Mtaniuliza, "Mchungaji, video ina uzito gani?" Haionekani, ndiyo, lakini haikai hewani. Inakaa katika kompyuta zilizopangwa kwenye maghala makubwa, zinawaka mchana na usiku, zinakula umeme, na nyingi hupozwa kwa maji. Katika nchi nyingi umeme huo bado unatokana na makaa ya mawe. Na sisi watu wa Lamu tunayajua makaa ya mawe! Si tulikataa mtambo uliotakiwa kujengwa Kwasasi, mpaka jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni yake Juni 2019? Basi moshi tulioukataa mlangoni petu, mbona tunaulipia bando uwake mlangoni pa mwingine? (Amina ya leo naona ni nyembamba.)

Mwangalieni Daudi. Yuko pangoni Adulamu, ana kiu, anatamani maji ya kisima cha kwao, na Wafilisti wamepiga kambi palepale Bethlehemu. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya adui, wanateka, wanamletea. Na Daudi hanywi! Anayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu ndani ya maji yale anaona damu ya waliohatarisha maisha yao. Maji yalikuwa safi. Kiu ilikuwa ya kweli. Wala Daudi hakumtuma mtu, alitamani tu.

Sisi nasi hatujamtuma mtu shimoni. Tunatamani tu. Ndani ya betri nyingi za simu kuna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, pande za Kolwezi, ambako wengine huchimba kwa mikono, na watoto wamekutwa katika kazi hiyo. Huko watu wanasali kwa Kiswahili, kama sisi. Ukibadilisha simu nzima kwa ajili ya kamera tu, kuna ndugu yako ameteremka shimoni.

Na ikishakufa je? Mwaka 2022 taka za vifaa vya umeme duniani zilifika tani milioni 62, na ni chini ya robo yake tu iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwetu simu inaishia shimo la taka, hatua chache kutoka kisimani, au motoni. Mwezi jana nilinusa moshi ule nyuma ya kanisa, nikanyamaza. Natubu.

Sisemi mtupe simu. Mvuvi anaulizia hali ya bahari kwa simu, mama mwenye uchungu anaitiwa boti kwa simu. Daudi naye aliendelea kunywa maji. Lakini kioo kikipasuka, mwone fundi kwanza. Video tuma mara moja, yatosha. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichome.

Kuanzia Jumapili hii kuna sanduku kando ya mlango wa kanisa, la simu mbovu, na ndoo ya mchanga mkavu kwa betri. Vikijaa, wazee watavipeleka Lamu, vikabidhiwe wenye leseni ya kurejeleza. Mimi nimetangulia kutia simu zangu tatu zilizokuwa kwenye droo. Moja ilihitaji kioo tu.