Alama Zinazofanana na Swali la Mtu Mmoja

Nyumba kadhaa zinapovunjwa katika eneo moja, wapelelezi hutafuta kinachojirudia: mkwaruzo wa bisibisi kwenye fremu ya dirisha, unyayo sakafuni, alama ya kidole kwenye kioo. Alama zikifanana, matukio huunganishwa na kuhesabiwa kazi ya mtu mmoja. Hapo huzuka swali la kifalsafa: kufanana kunathibitisha umoja kwa kiasi gani?

Soli ya kiatu ikiwa mpya huonyesha aina ya kiatu tu, maana kiwanda hutoa maelfu yake. Ikishalika upande na kupata mikato, huanza kutofautiana na nyingine. Bisibisi yenye ncha iliyomeguka nayo huacha mistari inayoweza kulinganishwa kwa hadubini. Lakini ulinganisho huo huishia kwenye kifaa. Bisibisi huazimwa, kiatu huuzwa mtumba. Nyumba mbili zilizovunjwa kwa kifaa kimoja huenda zilivunjwa na watu wawili.

Kidole na vinasaba humfikia mtu mwenyewe, ila navyo vina mipaka. Mwaka 1902, jijini London, Harry Jackson alitiwa hatiani kwa kuiba mipira ya biliadi, baada ya dole gumba lake kuacha alama kwenye rangi mbichi ya dirisha. Rangi hiyo ilionyesha mtu pamoja na wakati. Kwenye kioo cha kawaida, alama peke yake haisemi iliachwa lini.

Mwaka 1999 nchini Uingereza, mgonjwa wa Parkinson aliyeishi Swindon alishtakiwa kwa wizi wa Bolton, mbali na kwake. Vinasaba vyake vilioana na sampuli katika sehemu sita, na uwezekano wa kuoana kwa bahati ulikadiriwa kuwa 1 kati ya milioni 37. Kipimo cha sehemu zaidi kilimwondolea tuhuma. Kadirio lile lilihusu mtu mmoja aliyechaguliwa ovyo. Sampuli inapolinganishwa na kumbukumbu za watu wengi, nafasi ya kumpata anayeoana kwa bahati huongezeka.

Fikra ya Kiislamu imelijadili kwa muda mrefu suala hili la dalili kama ushahidi. Katika kisa cha Nabii Yusuf, kanzu iliyochanwa kwa nyuma ndiyo inayoonyesha nani mkweli kati yake na mwanamke aliyemtuhumu. Ibn Qayyim al-Jawziyya, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14, alitetea kadhi kuzingatia dalili za namna hiyo. Hata hivyo, kwa mafakihi wengi, adhabu ya kukatwa mkono kwa wizi ilihitaji mashahidi wawili au kukiri, na shaka iliiondoa.

Tahadhari hiyo inahusu pia matukio yaliyounganishwa. Mshukiwa akifungamanishwa na nyumba ya kwanza kwa vinasaba, na ya pili kwa mtindo wa kuvunja tu, uzito wa ushahidi wa kwanza huazimwa na wa pili. Haki hudai kila tendo lipimwe kwa dalili zake kwanza. Dalili zinazojitegemea zikielekea kwa mtu yuleyule, hujengana. Zikitegemeana, ni dalili moja iliyohesabiwa mara mbili.