Kumlaani Mlevi Si Kumtibu



Imam Bukhari amepokea ya kuwa katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu aliyeletwa mbele yake mara kwa mara kwa sababu ya ulevi, akapigwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza, akashuhudia ya kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilitimizwa, wala udugu haukuvunjwa.

Sisi leo twafanya kinyume. Kijana akinaswa na unga, mama humficha kwa kuogopa aibu, baba humfukuza, na majirani humwita teja kana kwamba wazazi wake hawakumpa jina. Wengine humfungia chumbani mpaka arosto imwishe, kisha humfungulia wakidhani amepona. Hapa ndipo penye hatari. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila ya unga hauwezi tena kustahimili kipimo ulichokizoea. Akikirudia kile kile cha zamani, pumzi zaweza kukatika akafa. Na mnywaji wa pombe wa miaka mingi akikatishwa kwa ghafula bila ya tabibu, aweza kushikwa na kifafa hata akafariki. Twamfungia kwa nia ya kumwokoa, na huenda tukamwua.

Ulevi ni haramu, na aya ya 90 ya Suratul Maida iko wazi. Lakini Mola wetu, awajuaye viumbe wake, hakuuharimisha kwa siku moja: kwanza alibainisha ya kuwa madhara yake yapita manufaa yake, kisha akakataza kuikaribia sala katika hali ya kulewa, ndipo akaukataza kabisa. Hatusemi ya kuwa leo mtu anayo ruhusa ya kuendelea. Twasema ya kuwa kumtoa mtu katika ada iliyomshika kwataka hekima na subira.

Watu huuliza: methadoni ya hospitali, nayo si ulevi? Dawa hii, iliyoanza kutolewa Malindi mwaka 2015 na kisha Mombasa, ni ya jamii moja na heroini. Lakini hunywewa kwa kipimo cha tabibu, mbele ya mhudumu. Kipimo kikisawazishwa, huondoa arosto na kupunguza tamaa, na mgonjwa hubaki na akili yake, akafanya kazi na akasali. Mtume wetu ametuamrisha kujitibu, na wanavyuoni wamesema dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Basi sisi twaiona kuwa ni tiba.

Kwa hivyo, mwenye mgonjwa nyumbani asingoje mpaka vyombo vya nyumba viuzwe. Amshike mkono ampeleke kwa tabibu, na akianguka tena amrudishe. Na siku atakapokuja msikitini, tusogee tumpe nafasi katika safu.

Mwenyezi Mungu awaponye waliotekwa, na atusamehe kwa tuliowafungia milango. Amin.