Bei ya Kura Mwezi wa Kumi

Je, maskini anayempigia kura mtu aliyempa kanga amekosa maadili? Mjini tuna jibu la haraka: ameuza utu wake kwa kitambaa. Mimi nimekulia Kilolo, mkoani Iringa, na sasa nasoma shahada ya uzamili. Jibu hilo linanikera kwa sababu halitazami kalenda.

Kwa kawaida Tanzania hupiga kura Oktoba: tarehe 31 mwaka 2010, tarehe 25 mwaka 2015, tarehe 28 mwaka 2020. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, huo ni mwezi mgumu. Mahindi aliyovuna katikati ya mwaka yameshalipa ada na madeni. Mvua za Novemba zinakaribia, naye hajanunua mbegu wala mbolea. Mgombea anayefika na elfu kumi wakati huo hamkuti mjinga. Anamkuta mtu mwenye akili timamu, aliyeahidiwa barabara ileile kila baada ya miaka mitano. Kati ya vyote alivyoahidiwa, kanga ndiyo iliyofika mkononi.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mimi naona anayo, tena ndiyo inayotumiwa kumnasa. Bibi yangu aliwahi kunieleza kwa nini alimchagua diwani fulani: "Nilipokea kwa mikono miwili, mjukuu wangu. Nitamgeukaje?" Huyo ni mtu mwaminifu. Kosa ni la aliyejua kwamba uaminifu huo, mwezi wa kumi, unapatikana kwa bei ya kanga.

Sheria yetu iliwahi kulibariki jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha masharti hayo kuwa kinyume cha Katiba: yalimbagua mgombea asiye na fedha, na yalifuta mpaka kati ya takrima na rushwa. Hata jina lilipotosha. Kwa desturi zetu, mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Mgeni anayeingia kijijini akigawa, kisha akasubiri siku ya kura, anakopesha.

Hata hivyo, umaskini hauamui kila kitu. Mwaka 2010 na 2015, Mbeya Mjini ilimchagua Joseph Mbilinyi na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA, chama cha upinzani. Miji hiyo imejaa wamachinga, mama lishe na vijana wa bodaboda. Bila kura zao hakuna anayeshinda. Wengi husema wazi: kula kwao, kura kwetu.

Je, huo si utapeli? Nadhani hapana. Deni la shukrani hulipwa kwa mali ya mwenye deni, na kura si mali ya mtu mmoja. Matokeo yake humfikia jirani ambaye hakupewa chochote, na mtoto ambaye hajazaliwa. Ndiyo maana nilimjibu bibi: kama deni linakusumbua, mpelekee diwani kuku. Kura iache ilete zahanati.

Alicheka, akasema kuku ni ghali kuliko kanga.